Betri ya Mjomba Nazari

Jumatano, 9 Septemba 1998
Mjomba Nazari amenikabidhi betri ya kamera yake ya video. Mimi! Eti kwa sababu napenda Kemia. Ni ya lithiamu, ya kuchaji, na hana nyingine. Jumamosi atapiga video ya harusi ya dada Evelina hapa uwanjani kwetu, pasipo umeme. Mama mkwe wa Evelina yuko kijijini Masagati, anaumwa, hawezi kuja. Ataonyeshwa video kwa padri wa huko, penye jenereta.
Mjomba alisema niichaji misheni, basi, nisiiguseguse. Lakini vyuma vyake vina kutu ya kijani. Kutu! Nina mpango.

Alhamisi, 10 Septemba
Nimesugua kwa ndimu na chumvi. Kutu imetoka. Rangi ya dhahabu nayo imetoka. Jioni kutu imerudi, imekuja na ndugu zake.
Jirani yetu Joshua alipita na redio kaseti inayoendeshwa na betri alizoanika juani. Akasema, "Profesa, anika tu." Nikamweleza habari za elektroliti nusu saa nzima. Akauliza kama elektroliti zangu zinajua kuimba. Mshamba!

Ijumaa, 11 Septemba
Nahisi ndimu imeingia ndani. Nimeiweka betri juu ya bati tangu saa sita. Siyo kuanika kwa Joshua. Ni kukausha kitaalamu.
Saa tisa: imevimba kama andazi. Haitaingia kwenye kamera.

Jumamosi, 12 Septemba
Nilimwambia Mjomba betri imepanuka. Akauliza imepanuka kwa raha gani. Wageni walishajipanga, akabeba kamera tupu begani siku nzima. Shangazi Philomena aliingia uwanjani mara tatu ili atokee vizuri. Eliza wa darasani kwetu alinitabasamia! Hapana, aliitabasamia kamera. Evelina akasimama mbele ya kamera: "Shikamoo mama, upone haraka."
Nilitamani ardhi ipasuke.

Jumapili, 13 Septemba
Nimemwambia Evelina ukweli. Alilia, kisha akanirushia kiatu cha harusi. Ndipo Joshua akaja. Alirekodi yote kwenye kaseti: nyimbo, vigelegele, hata ile shikamoo! Kesho kaseti na redio vinakwenda Masagati. Evelina amecheka. Joshua kapewa paja la kuku. Mimi shingo.
Redio imelala kwetu. Joshua ameniapisha nisiiguse. Nimefungua kifuniko cha nyuma, kuangalia tu. Betri zimevuja. Springi zina kutu!
Ndimu ilibaki nusu.