Nyeusi Tii

Jumatatu, 4 Machi
Shemeji kaja na kompyuta yake. Kaifungua mezani makusudi, hata chai haijamiminwa. Anatumia Linux, mfumo wa kompyuta ambao mtu huupanga apendavyo, na ameipamba mwenyewe: madirisha ya skrini yanapitisha mwanga, saa imekaa katikati kama mwenyekiti. Mke wangu akasema kaka yake ana kipaji. Mimi niliitengeneza bawaba ya kabati, nani aliniambia nina kipaji? Sawa. Kompyuta yetu nayo ni Linux. Aliiweka Shemeji, lakini kuipamba nitaipamba mimi. Tutaonana!

Jumanne, 5 Machi
Nimesoma mtandaoni kwamba mtaalamu wa kweli haongezi, anapunguza. Nikaondoa upau wa chini ya skrini, ule wenye alama za kufungulia programu. Nikaondoa menyu. Usafi mtupu! Sasa kila kitu kinafunguliwa kwa kubonyeza vitufe nilivyovichagua mwenyewe.

Mke wangu akauliza mtihani wake uko wapi. Yeye ni mwalimu, anatunga humo mtihani wa muhula. Muhula uliopita alichelewa kuukabidhi, na mkuu wa shule amemwonya: asipoukabidhi Ijumaa asubuhi, darasa lake anapewa mwenzake. Darasa lenyewe analipenda kuliko anavyonipenda mimi. Nikamwambia haraka haraka haina baraka. Akanijibu kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo.

Vitufe nilivyovichagua nimevisahau.

Jumatano, 6 Machi
Nimevipata, kwa kubahatisha! Nikapata na wazo: weusi. Mabingwa wote skrini zao ni nyeusi. Nikapaka kila kitu, hadi ukurasa wa kuandikia. Nyeusi tii.

Mke wangu akafungua mtihani, akaniita. Haoni neno. Maandishi meusi juu ya weusi. Akataka kumpigia kaka yake. Afadhali nile nyasi! Nikamwelekeza ayachague maandishi yote, ayape rangi nyeupe. Yakang'aa! Akaandika hadi swali la mwisho, akasema leo hata macho hayamuumi. Nikazunguka nyumba kifua mbele.

Nikampigia Shemeji, kumjulia hali tu, nikagusia. Akauliza kama na karatasi za shuleni ni nyeusi. Wivu huo.

Ijumaa, 8 Machi
Yamenikuta.

Mke wangu kaenda na kompyuta yetu shuleni, printa ya shule imetoa karatasi tupu. Akazigeuza huku na huku. Karani akabadilisha wino. Tupu. Wakanipigia, nikawashauri waitikise printa. Wakaitikisa. Tupu, na mkuu wa shule kasimama mlangoni anaangalia saa.

Mke wangu akampigia kaka yake. Shemeji akamaliza kesi kabla sijapata pa kukaa: maandishi meupe, karatasi nyeupe, yarudisheni weusi. Mtihani ukatoka. Darasa limebaki lake. Niliposikia, nikakaa chini jikoni. Nampenda yule mwanamke, jamani.

Jioni hakugomba. Bora angegomba. Aliweka kompyuta upande wake wa kitanda, akasema kwa upole, "Baba watoto, nakuheshimu sana. Hii usiiguse."

Shemeji naye kaja kurudisha menyu. Kala chakula changu, tena kaongeza.

Jumapili, 10 Machi
Siku mbili tunapitishiana chumvi tu. Nimetumia muda huo kutafakari, na kosa nimeliona. Wala si gumu. Shemeji mwenyewe alilitaja kwenye simu ya Jumatano, tena bila kujijua!

Skrini yangu haikuwa na kosa. Maandishi hayakuwa na kosa. Mke wangu mwenyewe alikiri macho hayakumuuma.

Nimekwenda duka la vifaa vya ofisi. Muuzaji alinitazama mara mbili, akaniuliza kama nina hakika. Nikamwambia mimi ni mume wa mwalimu. Nimenunua bunda zima, nikalifunga utepe, nikaliweka mezani kwake liwe la kuombea msamaha.

Karatasi nyeusi. Akiamka ataziona.