Maana Saba za Pointi

Jumatatu, 3 Machi
Tukiwa mezani, dada kaniuliza kama Kiingereza changu bado kipo, maana binti yake ana usaili Ijumaa, kazi ya mapokezi hotelini. Kipo? Mimi niliyemkemea nahodha Mwingereza hadi akalia! Nikasema neno moja tu, pointi, nalijua kwa maana saba. Mume wa dada, seremala, akaacha kutafuna. Akasema basi mjomba mtu amfundishe mtoto zote saba, naye atakaa asikilize. Ulimi huu! Najua moja, ile ya mpira.

Jumanne, 4 Machi
Sijalala. Nikapita gereji kama sina shida. Kumbe fundi magari ana pointi yake, kidude cha kutoa cheche kwenye injini kuukuu. Mbili! Nikamfuata fundi umeme. Yake iko ukutani, waya unapoishia. Wapi hasa? Nikagusa. Nilishapigwa na radi nikacheka, lakini hii imenivua kiatu. Tatu.

Jumatano, 5 Machi
Mpwa wangu keshashona sketi ya usaili. Anasema kazi hii ikimpita hajui aende wapi tena, kwa hiyo mjomba nimsaidie. Nikamfundisha zote tatu, polepole mno. Akaomba nne zilizobaki. Nikamwambia kichwa hakishindiliwi kama gunia. Shemeji akacheka kwa pua.

Alhamisi, 6 Machi
Nimepata mbinu! Nimejifunga kitambaa shavuni: jino, siwezi kusema. Dada akanihurumia. Shemeji akasema pole sana, shemeji, akaenda kuleta koleo. Nikapiga kelele kwamba limepona. Akasema wote husema hivyo. Dada akanishika kichwa. Jino zima, jeupe, halina hata doa! Sasa kweli siwezi kusema.

Ijumaa, 7 Machi
Nimeshinda dirishani, roho mkononi. Mpwa karudi mbio: kapata! Walimuuliza neno asilolijua. Akawajibu kwa adabu kwamba halijui, wamweleze, hatalisahau. Wakampenda papo hapo. Nikatangaza, upepo ukipita penye pengo, kwamba hilo ndilo somo langu la jana: kunyamaza! Shemeji akanitazama mdomo tu.

Baadaye jirani akabisha hodi. Mwanawe anatafuta kazi kwa Wafaransa, eti mjomba, Kifaransa je? Nikamwambia hicho nilikinyonya kwa mama. Kijana aje Jumatatu.

Meno bado ninayo mengi.