Ukurasa wa Sitini na Mbili

Jumatatu, 11 Machi

Nimekwisha! Mkurugenzi, Gleb Maksimovich, ametangaza kwamba kiwanda chetu kitauza pampu India, kwa hiyo sisi wa mauzo sharti tujue Kiingereza. Mtihani Ijumaa. Atakayeanguka anahamishiwa Vorkuta, kwenye barafu. Mimi! Hapa Saratov nina mke, nina miche ya nyanya dirishani. Nilipomweleza mke wangu Rimma, akasema Vorkuta haendi hata kwa kubebwa. Niende na kabati.

Mtahini ni Augusta Lvovna. Yeye mwenyewe! Alinifundisha darasa la saba, na mpaka leo akikohoa nasimama wima. Mtindo wake ni uleule: unasoma riwaya ya Kiingereza nyumbani, kisha anaiacha ifunguke popote, anaweka kidole, nawe unasoma, unatafsiri. Nakala ni moja, yake. Nakaa nayo mpaka Jumatano, halafu zamu ya Venyamin Lutokhin, nyoka wa meza ya jirani.

Jumanne, 12 Machi

Riwaya ni nene kama tofali. Nimefungua popote tu, ukurasa wa 62. Bibi tajiri amewekewa sumu kwenye chai. Siku nzima nimeshinda na kamusi: sumu, maiti, jeneza, wosia. Mwili wote baridi. Rimma aliniletea chai nikamwuliza kama ameionja. Akaimwaga kwenye sinki, hajasema nami tangu hapo.

Ukurasa mmoja, siku nzima! Sitoboi.

Jumatano, 13 Machi

Wazo! Kitabu hufunguka penye mazoea. Nimekilaza wazi ukurasa wa 62, nikakikandamiza kwa mguu wa kabati mpaka mgongo ukalia kwaa. Sasa ukikiachia mezani kinafunguka hapohapo, chenyewe, kama mlango wa kwa shangazi. Nimeukariri ukurasa wote, nukta kwa nukta. Nimempa Venyamin kitabu kwa tabasamu. Naye akatabasamu. Sikulipenda lile tabasamu.

Alhamisi, 14 Machi

Mungu wangu! Kitabu kimerudi mezani kwa Augusta Lvovna, ukumbini. Wakati wa chai nikajipenyeza, nikakiachia. Ukurasa wa 118! Kijana anamposa binti bustanini. Sijui neno hata moja. Mwizi yule ameniibia wazo!

Nikakifungua 62, nikakiweka kitini, nikakikalia. Venyamin akaingia na sahani ya chapati za maji, maana hii ni wiki ya chapati kabla ya mfungo, mji mzima unazila. Akaniuliza mbona siinuki. Nikamwambia kiuno. Akasema maskini, uzee huo, akakaa kunisubiri. Jasho lilinitoka mpaka kwenye soksi. Aliondoka chai ilipokwisha, nami nikakirudisha kitabu mezani.

Ijumaa, 15 Machi

Nimeweka sarafu ya rubli tano kiatuni, chini ya kisigino, iniletee bahati, kama mtahiniwa yeyote mwenye akili. Venyamin aliingia kwanza. Akatoka mweupe pe, akaninong'oneza: sitini na mbili. Vorkuta inamhusu. Nilimwonea huruma, lakini si sana.

Kumbe balaa langu lilikuwa koridoni. Augusta Lvovna alitoka kunywa maji, akanitakia bahati kama tunavyotakiana sote: usipate nyoya wala manyoya. Na kila mtoto anajua jibu lake ni moja tu: nenda kwa shetani. Ukishukuru, bahati imekufa. Lakini nimwambie hivyo Augusta Lvovna? Nikasema ahsante.

Ahsante! Alipokwisha kurudi ndani ndipo nikaelewa nilichojifanyia. Nikakimbia nikichechemea, nikausukuma mlango, nikapiga kelele aende kwa shetani.

Mkurugenzi alikuwa amesimama mbele yangu. Alikuwa amepitia mlango wa pili.

Augusta Lvovna alicheka hadi akavua miwani, akamweleza. Mkurugenzi hakucheka. Akavuta kiti, akasema huyu atamsikiliza mwenyewe. Kitabu kikaachiwa. Sitini na mbili! Kwa woga sikuweza hata kukitazama. Nikaikodolea macho dari na kumwaga sumu, maiti, jeneza, wosia, bila kuvuta pumzi. Augusta Lvovna akanyoosha kidole ageuze ukurasa, lakini mkurugenzi, ambaye Kiingereza chake ni cha kutikisa kichwa, alishainuka anapiga makofi. Mtu hahitaji hata kitabu! Jumatatu Wahindi wanakuja, Pukhov, yaani mimi, ndiye mkalimani.

Augusta Lvovna aliniambia taratibu kwamba atakuja kusikiliza.

Jumapili, 17 Machi

Sijala tangu juzi. Rimma amewatangazia majirani wa ghorofa zote tano kwamba mumewe ni mkalimani. Amenipigia pasi shati, akanibusu kichwani. Miaka mingapi hajafanya hivyo! Nilifungua kinywa niungame, nikakifunga. Wakinigundua kesho, si Vorkuta tu. Nampoteza na yeye.

Leo ni siku ya kusameheana, kila mtu anamwomba mwenzake radhi kabla ya mfungo. Kengele ikalia. Venyamin! Akainama, akaniomba radhi kwa kuvunja mgongo wa kitabu. Nami nikamwomba radhi kwa kuukalia. Tukakumbatiana, tukalia kweli kweli. Nikamwahidi nitamsemea kwa mkurugenzi asipelekwe Vorkuta.

Naye kesho atasimama nyuma ya pazia la ukumbini, aninong'oneze nikikwama. Yeye ana posa, mimi nina maiti. Kurasa mbili nzima! Hofu yote imeniisha. Kiingereza si kigumu, ni mipango tu.