Kutu ya Utumbo

Kinanda hakuwa na kuku hata mmoja, lakini alipenda kusimama kwenye foleni ya duka la vyakula vya mifugo, maana hapo watu humwaga shida zao bila kuulizwa. Jina hilo alipewa mtaani kwa sababu ukimgusa popote anatoa muziki. Asubuhi hiyo mama mmoja mfugaji alikuwa akimlalamikia muuzaji kwamba kuku wake wa mayai wamezeeka: wanamaliza magunia, wanaharisha, na viota ni vitupu.

Masikio ya Kinanda yalisimama.

"Samahani kuingilia, mama," alimwambia nje, akikokota pikipiki yake, mali pekee aliyokuwa nayo duniani ukiondoa ulimi. "Kuku wako hawajazeeka. Wameshika kutu."

"Kutu?"

"Kutu ya utumbo. Hewa inayotia chuma kutu ndiyo hiyo hiyo inayoutia mwili kutu. Utumbo ukishachakaa, chakula kinapita tu, kama abiria asiye na kituo. Dawa yake ni antioksidanti."

Alilitamka neno hilo polepole, kama mtu anayemtaja marehemu, kisha akatoa pakiti ya unga wa zambarau. Ulikuwa maganda ya bitiruti na machungwa, yaliyoanikwa juu ya bati, yakasagwa na kuongezwa majivu kidogo ili yapate sura ya kisayansi.

"Leo siuzi. Leo tunajaribu tu."

Wanyang'anyi wa zamani walibeba mapanga. Wa siku hizi wanabeba sayansi, na mwenye panga angalau alikuwa anatoka jasho.

Mama alimpeleka kwake. Alipokwenda kuchota maji ya kuchanganyia unga, Kinanda alichomoa mayai ya friji aliyoyanunua kwa kificho kwenye duka la njiani, akayapanga kwenye kiota kimoja.

"Jioni uchungulie viotani," aliaga. "Nitarudi Alhamisi."

Mama hakungoja jioni; alichungulia papo hapo. Aliokota yai, akaligusisha shavuni, kisha akamwita wifi yake wa nyumba ya pili.

"Wifi, shika hili."

"Mbona lina baridi kama soda?"

"Ndiyo dawa ya daktari wangu. Kuku wameanza kutaga ya friji."

Wifi alicheka mpaka akakaa chini. Mama hakucheka. Vifaranga wake wapya walikuwa wanafika Ijumaa, ameshawalipia, na banda lilikuwa hilo hilo moja. Wale kuku wazee hakuna aliyewataka. Wachuuzi wakiwaona walikuwa wanaguna na kupita. Wasipotoka, vifaranga watalala nje wafe, na mtaji wote ufe nao.

"Kuku wako wachanga wanatagaje?" aliuliza.

"Vizuri tu, siwalalamikii."

"Niazime mayai yao."

Taa ya kulelea vifaranga, iliyokuwa ikiwasubiri jikoni, ikawashwa mapema.

Alhamisi, pikipiki iliposikika kwenye kona, mama na wifi walikuwa wanamalizia kupanga mayai viotani. Kinanda alikuja na gunia zima la unga, tayari kuvuna. Mama alimpokea kwa mikono miwili, akamfungulia banda.

Kila kiota kilikuwa kimejaa. Kinanda aligusa yai. Vuguvugu. Akagusa la kiota kingine. Vuguvugu. Yeye alikuwa ameweka kwenye kiota kimoja tu, tena siku ile.

"Daktari, unaonaje?"

Daktari alikuwa anajiuliza alitia nini. Majivu? Au yale machungwa yaliyokuwa yameoza kidogo? Miaka yote hiyo ametembea mjini akijua ni tapeli, kumbe ni mvumbuzi.

"Mama, niuzie kuku hawa."

"Wanangu? Mwaka mzima wananiliza, leo wamenifuta machozi, nikuuzie? Wewe niuzie huo unga. Nawaambia wafugaji wenzangu tununue kuku wazee wa mji mzima kabla bei haijapanda."

Kinanda alihisi mji mzima ukimponyoka.

"Chukua pikipiki," alisema.

Mama aliizunguka, akaguna.

"Kioo cha kushoto kimepasuka."

"Mama, ni kioo tu."

"Basi uniachie na kofia yake, mwanangu. Nisije nikaumia."

Kinanda aliondoka akisukuma mkokoteni wa kuazima, umejaa matenga ya kuku, uso unang'aa kama bwana harusi. Kesho yake vifaranga waliingia bandani, wakalala pakavu.

Wiki ya pili, uwani kwa Kinanda, kuku walikuwa wanakula unga wa zambarau na kumtazama. Wapangaji wenzake walilalamikia harufu. Jirani fundi viatu alikuja kuuliza kulikoni, na Kinanda akamweleza yote: kutu, hewa, utumbo unaofunguka taratibu. Safari hii muziki haukutoka. Sauti ilitetemeka, macho yalilowa, maneno yakagongana, maana kwa mara ya kwanza alikuwa anasema kitu anachokiamini.

Fundi alimshika bega.

"Pole sana, kaka. Nani amekutapeli?"

"Hakuna aliyenitapeli," alisema Kinanda kwa uchungu. "Dawa naitengeneza mwenyewe."