Rimu za Kromu za Harusi ya Philippa

Jumapili, 1 Juni

Hasira kabla ya chai. Spoki nyingine imekatika! Nilikuwa nalirudisha gari gereji polepole, paa la turubai limekunjwa, kijua cha hapa kwa Waingereza cha kuomba radhi, mara: ting! Gurudumu la mbele. Rimu ile sasa ina mapengo kama kinywa changu.

Mjukuu wetu Philippa anaolewa Jumamosi ya tarehe 14. Tangu akiwa mtoto, akikaa ndani ya gari hili bovu na kuuzungusha usukani bila kwenda popote, alisema siku ya harusi yake atafika kanisani ndani yake, na dereva ni mimi. Leo amepiga simu. Amesema babu, nalipenda gari lako, lakini zile rimu zinanitisha. Tafuta nyingine, la sivyo Babu Desmond amejitolea kunipeleka.

Babu Desmond! Babu gani? Ni kaka wa mke wangu tu. Ana gari kama langu hasa, la viti viwili, la mwaka uleule, kijani ileile, ila amelivalisha rimu za bati la kijivu kama masufuria ya hospitali. Nimekuwa shemeji yake nusu karne na hajawahi kukosea jambo hata moja mbele yangu. Hafai kumpeleka mtu kanisani.

Jumanne, 3 Juni

Mkutano wa klabu ya magari ya zamani, baa ya kijijini. Nikafanya kosa la kuuliza. Kila mtu ana rai! Mmoja akasema rimu za spoki, lakini zipakwe rangi ya fedha, ndivyo zilivyotoka kiwandani. Mwingine akasema za aloi, zile za kumiminwa kipande kimoja, hazina usumbufu. Aloi! Magurudumu yanayojifanya magurudumu. Nikataja kromu, ile inayong'aa kama kioo. Wakatazama bia zao kama nimetukana marehemu.

Desmond akaweka mkono begani kwangu. Akasema shemeji, kromu ni ya wacheza kamari na madaktari wa meno. Chukua za bati kama zangu, ulale usingizi. Baa nzima ikacheka.

Basi ni kromu.

Maureen, mke wangu, ameshauri rangi ya fedha. Amesema siku ya harusi hakuna atakayetazama magurudumu. Mimi nilitazama. Nilikuwa mtoto wa kaptura, Mnazi Mmoja, Unguja, na daktari mmoja Mwingereza akaegesha gari la wazi karibu na ukuta wa shule yetu. Jua likapita kwenye spoki za kromu na kumwagika ukutani vipande vipande. Kengele ikalia na sikuisikia. Mwalimu akanifahamisha kwa fimbo. Ukuta ule sijui kama bado upo. Rimu zile zipo, nimezibeba kichwani na kuvuka nazo bahari.

Jumatano, 4 Juni

Nimeagiza. Muuzaji akasema kwa simu kwamba habu zangu za mbele, yaani vitovu vya chuma vinavyobeba rimu, zimelika, nibadilishe na hizo, na kazi nimpe fundi. Fundi! Mafundi wote wa wilaya hii hunywa na Desmond. Nitafunga mwenyewe. Nilikuwa mpima ardhi, nimenyoosha mipaka ya mashamba ya watu wakali kuliko habu.

Tena kwa siri. Nimeelekeza masanduku yapelekwe kanisani, kwa kasisi. Nimemwambia ni mambo ya harusi. Si uongo.

Jumamosi, 7 Juni

Masanduku yamefika. Nani yuko kanisani, amepanda ngazi, anafuta vumbi madirishani? Desmond! Akashuka. Akasisitiza kunisaidia kubeba. Akauliza ndani kuna nini. Nikasema vitabu. Akatikisa sanduku, akasema shemeji, naona siku hizi unasoma vitabu vinavyobingirika.

Nilimshukuru. Nilimshukuru! Nchi hii imeniharibu.

Jumatatu, 9 Juni

Kazi imekwisha. Hapa ndipo elimu inapomfaa mtu, kwa hiyo naandika kwa urefu.

Kila rimu ya spoki hushikwa na nati moja kubwa katikati, inayogongwa kwa nyundo ya shaba. Karatasi ya maelekezo inasema habu ya kulia na ya kushoto si sawa: nati ya upande mmoja hukazwa kinyume na ya upande wa pili, ili gurudumu likizunguka lisiilegeze. Vizuri. Lakini karatasi imeandikwa kwa magari ya hapa, usukani kulia. Langu liliundwa liuzwe Marekani, usukani uko kushoto. Usukani ukigeuzwa upande, yote yamegeuzwa, kama sura kwenye kioo. Kulia kwao ni kushoto kwangu! Kwa hiyo habu ya kulia nimeifunga kushoto, na ya kushoto kulia.

Habu za zamani zilifungwa kama karatasi inavyosema. Ndiyo maana spoki zilikuwa zikikatika miaka yote!

Maureen akasimama mlangoni na kikombe. Akauliza: mume wangu, gari likienda mbele, si magurudumu yote huzunguka kwenda mbele, usukani uwe popote? Nikamwambia ni swali zuri kwa mtu ambaye hajawahi kupima ardhi. Akaenda kumwagilia maharage.

Zinang'aa. Nilipowasha taa ya gereji zikamwaga nuru ukutani. Nilikaa kwenye ndoo nikazitazama mpaka chai ikapoa.

Alhamisi, 12 Juni

Desmond amekuja bila kualikwa, ati kurudisha mkasi wa maua. Akaziona. Akasema zinavutia. Katika nchi hii neno hilo husemwa mbele ya ajali.

Kisha akapiga magoti, akatazama nati, na uso ukambadilika. Akasema shemeji, habu umezipishanisha. Nikamwambia nimefanya kwa makusudi, na kwa sababu. Akasema hapana, sikiliza, hii si mizaha, zitafunguka. Akarudia kwa sauti ya chini, bila utani, na hiyo ndiyo hila yake mbaya kuliko zote. Akasema basi ngoja nimpeleke Philippa mimi.

Aha! Si hilo alilolifuata? Nikamwambia muda umekwenda. Ilikuwa saa nne asubuhi. Akaondoka na mkasi.

Ijumaa, 13 Juni

Majaribio. Nimetoka gereji kinyumenyume na kwenda hivyohivyo njia yote mpaka kona, maana lori la maziwa liliziba upande wa pili. Nati imara kama mwamba! Nikarudi nyumbani kwa kwenda mbele. Zimesogea kidogo. Ni upya tu, chuma kinajizoesha. Nimezigonga tena. Philippa amepiga simu kuuliza kama zinatisha. Nimemwambia atalia akiziona.

Jumamosi, 14 Juni

Naandika nikiwa na tope mpaka magotini.

Mvua ilikatika. Philippa akatoka na gauni, akaziona rimu, akashika mdomo. Akasema babu, ni kama vito. Hilo hakuna atakayeninyang'anya.

Tukateremka kilima kuelekea kanisani, mwendo wa jeneza kwa ajili ya shela. Majirani wanapunga mikono. Jua likatoka. Mara gurudumu likatupita. Rimu ya kromu, peke yake, ikienda zake kwa heshima. Nikasema tazama, mjukuu wangu, kuna mtu mwingine ana rimu kama zetu!

Ndipo gari likainama upande wangu, likakwaruza lami na kusimama kwenye ua wa miti, taratibu kama mtu anayeegemea. Gurudumu halikusimama. Liliteremka kilima lote, likaingia lango la kanisa, likapita katikati ya wageni na kuegemea mlangoni. Linang'aa. Mpiga picha akalipiga picha. Wakadhani ndivyo ilivyopangwa.

Philippa alicheka mpaka shela ikamwanguka. Na nyuma yetu nani? Desmond, na masufuria yake! Alikuwa anatufuata tangu nyumbani, tena ametandika shuka safi kwenye kiti. Alijiandaa! Hakunitazama. Akasema tu, panda, mjukuu wangu.

Nikateremka kwa miguu, suti na nyundo ya shaba mkononi, nikitukana kwa lugha mbili. Nilipofika, wageni wamo ndani, kinanda kinarudia wimbo uleule, na Philippa amesimama mlangoni. Amekataa kuingia bila babu. Kasisi alimuuliza babu yupi. Akasema yule mwenye nyundo.

Jumapili, 15 Juni

Desmond alilala chini ya gari langu jana, watu wakila keki, akazihamisha habu na kufunga gurudumu. Leo Maureen amesema nikamshukuru. Nimekwenda. Akasema usijali, shemeji, kila mtu hukosea. Kila mtu! Lini amekosea yeye?

Nimerudi, nimezitoa habu zote mbili, nimezirudisha pande zangu. Kisha nimepima, kama inavyompasa msomi. Kwenda mbele: zinalegea. Kurudi nyuma: zinakaza, kila hatua zinazidi kukaza! Habu hazikuwa na kosa hata kidogo. Kosa lilikuwa mwelekeo wa safari.

Dada yake Philippa, Beatrice, anaolewa Septemba. Nimeanza mazoezi ya kuteremka kilima kinyumenyume. Shingo inauma. Ua wa nyumba ya Desmond, kando ya njia, nimeuangusha kidogo, na amesimama dirishani na kikombe, ananitazama tu.

Wivu.