Risasi Nang'ata Mimi, Chumba Anapata Yeye

Jumatatu, tarehe 3

...ndipo mwanangu akaniambia ning'ate risasi. Andika hivyo hivyo, mkamwana, usipambe. Mama mzazi anaambiwa ang'ate risasi! Nikamuuliza, nimepigana vita na nani? Akasema ni msemo wa Kizungu. Ati zamani askari akikatwa mguu na hakuna dawa ya ganzi, alipewa risasi aing'ate asipige kelele. Maana yake jambo gumu limefika, likubali, lipite. Nikauliza, na daktari anang'ata nini? Akainama kutafuta bisibisi. Friji za mji mzima anazitengeneza, swali la mamake limemshinda.

Jambo gumu lenyewe ni mama yako. Usinune, andika tu, kalamu haina mama. Mkwe mwenzangu kapasuliwa goti, anakuja kukaa nasi, na ngazi hawezi. Kwa hiyo ati mimi nihamie juu, yeye alale chumbani kwangu. Chumba changu cha chini! Chenye dirisha la barabarani! Nani kanunua kitanda kipya, nani karudishwa kwao na mabegi, yote nayaona nikiwa chali. Fundi viatu kaweka meza yake hapo nje, habari ananipa kabla sijanawa uso. Huko juu nitaona nini? Mabati ya watu.

Wivu sina. Yeye ni mwalimu mstaafu, Kiingereza kinamtoka kama maji bombani, akicheka miwani inacheka naye. Mjukuu akimwona tu anamnyooshea mikono. Mimi mpaka nishike biskuti. Lakini wivu, hapana, sikuumbwa nao.

Shule mimi niliipita tu njiani nikienda kuteka maji, ndiyo maana mimi nasema, wewe unaandika. Nimekuapisha: siri hii hata mumeo asiijue. Umeapa. Na kweli mumeo hajaijua.

Mpango: kesho magoti yataniuma kuliko lake. Yote mawili.

Jumanne, tarehe 4

Ajabu! Kashushwa kwenye teksi, magongo huku na huku, hata sijafungua mdomo, kanikabidhi chupa ya mafuta ya kuchua. Ati pole mkwe wangu, nasikia magoti yamekukamata. Kasikia wapi? Yalikuwa hayajaanza kuuma! Nilipanga yaanze akishakaa.

Nikashindwa hata kuchechemea. Kalazwa kwenye kochi la sebuleni kwa muda, mpaka tukubaliane. Kochi nalo likamfaa. Kuna watu hata kochi linawapenda.

Alhamisi, tarehe 6

Mpango wa jana, ule uliouandika ukikohoa kohoa, ulikuwa wa kunguni. Nikajisogeza kwake asubuhi, nikajikuna shingo, nikajikuna kwapa. Nikamwambia, mkwe wangu, nakuonea huruma, kile chumba hakilaliki. Akavuta mkoba wake, akatoa kopo la dawa ya kunguni. Jipya! Kifuniko hakijafunguliwa! Ati nimekununulia, maana hata wewe, mkwe wangu, hustahili kuliwa ukiwa hai.

Na mwanangu kanipulizia chumba kizima. Kunguni sina, harufu ninayo.

Kuna mtu anavujisha. Nimefikiri sana. Ni fundi viatu, nani mwingine? Masikio yake yako dirishani kutwa. Nimemfungulia dirisha nikampa maneno yake. Maskini kabaki na msumari mdomoni, ati mama, mimi hata goti la mtu silijui, najua nyayo. Mnafiki! Kikulacho ki nguoni mwako. Andika hilo kwa herufi kubwa, mkamwana, na usiinamishe uso.

Ijumaa, tarehe 7

Leo nimekaa nikauchunguza huu msemo. Televisheni ilipokuwa ya mpira mwezi mzima, mwanangu alikwambia wewe ung'ate risasi. Wewe ulipoacha kununua nyama ukaleta maharagwe wiki nzima, ulimwambia yeye ang'ate. Mwenye nyumba alipohamisha choo nyuma ya ua, alituambia sote. Choo chake yeye kiko ndani! Sijasikia hata mmoja akijiambia mwenyewe. Mkuki kwa nguruwe. Huu ni msemo wa daktari, si wa mgonjwa, na mshindi ni yule anayewahi kuusema.

Basi nitawahi mimi. Nifundishe kwa Kizungu chenyewe.

Tumekariri mpaka ulimi umekufa ganzi.

Jumamosi, tarehe 8

Ushindi! Baada ya kula nikasimama, nikamwelekea Mwalimu, nikautamka wote kwa Kizungu, bila kukwama. Mwanangu akapaliwa na maji. Yeye Mwalimu akanipigia makofi! Akasema matamshi mazuri, mkwe wangu, na mimi nimeshang'ata. Nipandisheni juu.

Wakambeba na kiti chake, mwanangu mbele, fundi viatu nyuma. Nikapiga vigelegele peke yangu. Chumba changu! Dirisha langu!

Jumatano, tarehe 12

Hawezi kushuka. Hilo sikulipigia hesabu. Kwa kuwa hawezi kushuka, chakula kinapanda. Televisheni imepanda. Kitanda cha mjukuu kimepanda. Jana hata jirani aliyekuja kunisalimia mimi kaniuliza ngazi ziko wapi. Wanacheka juu ya dari langu, vumbi linanidondokea kwenye chai. Barabara nzima ni yangu, nami nimekaa kama mlinzi wa ghala.

Sasa sikia, mkamwana, na uape upya. Kesho nitakohoa. Chumba hiki kina unyevu, kifua changu hakiuwezi, mimi nihamie juu kwenye hewa safi. Yeye ashuke. Mgonjwa wa goti kumpandisha ngazi, kweli huo ni utu? Na akikataa, namwambia ang'ate risasi. Safari hii fundi viatu hatapata neno, dirisha nimelifunga. Mbona unacheka? Nani anaita huko?

Nini? Mtoto kasimama mwenyewe? Anaita bibi? Bibi yupi? Bibi yupi, nyie? Mshikeni! Asipige hatua hata moja mpaka nifike! Nipishe mlangoni, mkamwana, nipishe, atamwendea yule!