Kizibao cha Baba na Ukoko wa Mama

Jumatatu, 4 Agosti 2025. Iringa.

Nimeonewa! Nilikwenda zahanati kwa ajili ya kikohozi, nimerudi na habari za sukari. Si kisukari chenyewe bado, eti nipo mlangoni. Muuguzi Evarista alinipokea kwa kamwene tamu, salamu ya Kihehe, akanimalizia kwenye mizani. Amesema mlango huo bado unafungika nikipunguza wali, sembe, sukari na mafuta. Mimi, Mrisho, muuza mchele wa Madibira, nipunguze wali!

Nusu ya sahani iwe mboga za majani. Maharage au samaki kiasi, dona kidogo. Nile kwa wakati wake, nisijinyime hadi nitetemeke. Njaa ikija mapema ninywe maji, nitembee, itapita. Mwanzo ndio mgumu, baadaye tumbo huzoea. Nimeitikia yote na ningeyasahau yote kabla ya kufika sokoni, kama si kizibao.

Binti yangu Batuli anaolewa Jumamosi ya wiki ijayo huko Mbeya, katika nyumba ya wazazi wetu anakoishi mdogo wangu Nasri. Anayeozesha binti wa ukoo huvaa kizibao cha marehemu baba. Cheusi, kina darizi ya dhahabu, babu alikuja nacho kutoka Kilwa. Baba aliusia kwamba fundi asikiguse kamwe. Kikikutosha, vaa. Kisipokutosha, mpe ndugu yako.

Nimekijaribu leo. Kifungo na tundu lake vimetazamana kwa mbali, kama mtu na mkwewe.

Jioni Nasri amepiga simu. Ameuliza, kwa upole kabisa, kama kizibao bado kinanitosha. Upole huo naujua tangu utotoni. Ni upole wa mtu anayenyemelea ukoko. Nimemjibu kinanipwaya.

Jumanne, 5 Agosti.

Siku ya kwanza ya afya. Chai bila sukari. Yai la kuchemsha. Tango. Saa nne tumbo limeunguruma mbele ya wateja. Nimejifanya nakohoa.

Mchana, dona na majani ya maboga. Mke wangu Zuena ameniuliza vipi. Nimemwambia safi sana. Kisha nikaenda dukani, nikaketi juu ya gunia na kuwaza wali. Baridi ya Iringa mwezi huu inapuliza hadi kwenye mifupa, na njaa ya baridi si kama njaa nyingine. Inakuja na kumbukumbu.

Nimemkumbuka mama. Nazi zilikuwa zinakuja na basi kutoka Dar, moja moja, kama wageni. Siku nazi ikifika, mama alikaa kwenye mbuzi jikoni na kanga yake ya korosho, akakuna, na mimi na Nasri tukapangana mlangoni tunameza mate. Wali ukiiva aliweka makaa juu ya mfuniko. Wote walisubiri wali. Sisi wawili tulisubiri ukoko. Sheria ya mama ilikuwa moja: kaka anavunja, mdogo anachagua. Nilivunja kwa ustadi wote alionijalia Mungu. Lakini jicho la Nasri lilikuwa mizani, hata vipande vikitofautiana unene wa punje alichukua kikubwa. Nimedhulumiwa ukoko utoto mzima. Na kizibao anakitaka!

Alhamisi, 7 Agosti.

Nimepata ufumbuzi! Kwa nini nihangaike na njaa ya bure wakati ipo njaa yenye thawabu? Leo nimefunga sunna. Zuena amenikumbusha kwamba Evarista alikataza kujinyima. Nimemjibu hii si kujinyima, ni ibada. Amenitazama, akarudi jikoni. Mwanamke akinyamaza hivyo ujue anatunza maneno.

Mchana kutwa mwili ulikuwa mwepesi. Nilijiona nakonda. Kufika alasiri nikaanza kuziona tambi kwenye mawingu.

Kumbe Zuena amepika futari ya zahanati. Maharage, mchicha, maji. Nikakumbuka kwamba jirani yangu Habibu hufunga kila Alhamisi, na nikakumbuka pia kwamba nilitaka kumuulizia bei ya magunia matupu. Nimefika kwake adhana ya magharibi inalia. Bahati tu. Wamenikaribisha. Magimbi ya nazi, tambi za sukari, vitumbua, uji wa pilipili manga. Kukataa futari ni kukataa baraka, kila Mwislamu anajua.

Kile kitumbua cha kwanza kilinirudisha Mbeya. Ramadhani ya zamani, mvua inapiga bati, baba anafungua kwa tende, mama anampitishia kila mtu bakuli huku yeye hajala. Macho yalinitoka machozi. Habibu akadhani ni pilipili, akanimiminia uji mwingine.

Nimerudi nyumbani nimeshika ukuta. Shibe mwana malevya.

Ijumaa, 8 Agosti. Nane Nane.

Nimejipima kwenye mizani ya magunia dukani. Uzito umepanda! Nimepaza sauti kwamba mizani hii mbovu, inadanganya watu. Nilipogeuka nikamkuta mteja nyuma yangu na mfuko wake wa mchele niliokwisha kumpimia. Ameurudisha.

Jumatatu, 11 Agosti.

Kuonja si kula. Huu ni msingi wa biashara yetu. Mteja wa mchele anataka kujua kama unanukia na kama unachambuka, kwa hiyo sisi wauzaji hupika sufuria ndogo dukani ili aonje. Na yeye hawezi kuonja peke yake kama mtu asiye na mwenyeji. Hata mwezi mtukufu mpishi huruhusiwa kuonja kwa ncha ya ulimi. Leo nimewaonjesha wateja kwa bidii ambayo soko zima halijaiona. Wateja wenyewe walikuwa wachache, basi nikaanza kuonja kwa niaba yao.

Zuena ameingia nikiwa na kijiko mdomoni, duka tupu. Nimemweleza habari ya ncha ya ulimi. Ameuliza ulimi wangu unaishia wapi. Amebeba sufuria. Baada ya saa moja ameirudisha ina kabichi. Mteja wa jioni amefunua, akaniuliza kama nimebadili biashara.

Nasri amepiga tena. Ameuliza tena habari ya kizibao. Mbona ana haraka hivi?

Jumatano, 13 Agosti.

Siku ya ajabu, na moyo bado haujatulia.

Asubuhi nilikuwa na mpango mmoja mkubwa. Zuena alipojifungua Batuli, mama yangu alimfunga mkaja tumboni, kitambaa kile cha wazazi, tumbo likarudi lilikotoka. Nikajiuliza: kitambaa kinajua nini kuhusu nani amezaa? Nimeutafuta mkaja kwenye sanduku, nimejifunga, nimeifunga ncha moja kwenye kitasa cha mlango nikajizungusha. Pumzi ikakata, lakini tumbo likaingia! Nikavaa kizibao. Kifungo kikakaribia tundu. Kikagusa! Nikapiga chafya.

Mshono wa ubavuni ukaachia.

Nilipotazama ndani, nikaona rangi. Chini ya bitana, mahali ambapo mkono huficha, palikuwa na kipande cha kitambaa kisicho cheusi. Chekundu, chenye korosho. Kanga ya mama! Na ubavu wa pili vilevile. Mishono mirefu, imara, ya uzi wa gunia. Mama ndiye aliyekuwa akishona midomo ya magunia ya mchele wa baba kwa shazia, ile sindano nene, na mshono wake naujua kama sauti yake.

Nimekaa kitandani na mkaja wangu. Kila Idd baba alivaa kizibao hiki, akapiga kifua mbele ya wageni, akasema mwili wake ni ule ule wa siku aliyooa. Na mama wakati huo aliinama kama anayetafuta kitu mkekani. Sasa ninajua alikuwa anaficha kicheko. Alikuwa anakipanua kwa siri, mzee asijue. Nimecheka peke yangu, halafu nimelia. Ningetoa gunia zima la mchele nimwone tena ameinama vile.

Zuena amenikuta hivyo. Nimemwonyesha. Nimemwambia kwa furaha kwamba basi tumbo hili ni urithi, na kwamba dawa iko wazi: naye akate kipande cha kanga yake, ashone. Zuena amekigeuza kizibao muda mrefu. Kisha amesema:

"Baba Batuli, mama alimficha mzee unene wake kwa mapenzi. Mzee akaondoka na sukari yake, mama akakaa eda. Mimi kanga zangu sikati."

Ametoka. Baba alifariki akiwa ameuzidi umri wangu wa leo kwa miaka miwili tu. Sikuwahi kupiga hesabu hiyo. Nimekula mchicha wote jioni hii na sikunung'unika.

Alhamisi, 14 Agosti.

Usingizi umenisaidia. Zuena amekataa kukata kanga yake. Hakusema lolote kuhusu kikoi changu.

Shazia ninayo. Uzi wa gunia ninao. Nimejifungia stoo nikisema nahesabu mchele. Wasia wa baba ulikataza fundi, na mimi si fundi, yeyote atakayeuona mshono huu atathibitisha.

Ijumaa, 15 Agosti. Mbeya.

Safari. Zuena alifunga mayai, matango na karanga za kuchemsha, akasema ni za njia nzima. Zimeisha kabla ya Mafinga. Makambako njaa ilinishika, nikanywa maji kama alivyoagiza Evarista, nikahesabu miti, na kwa kweli ikapita! Nilishangaa. Ningeendelea hivyo, lakini Chimala wakapandisha mahindi ya kuchoma dirishani.

Jua lilikuwa linazama tulipoingia, na mlima Loleza umesimama palepale nyuma ya mji, kama zamani tulipotumwa maziwa. Mlango wa nyumba bado unakwama ukiusukuma, mpaka uunyanyue kidogo. Jiko la mama limepakwa chokaa, ila ukutani alama ya moshi imekataa kutoka. Nimesimama hapo hadi Batuli akaja kunivuta mkono.

Nasri amekonda! Amekonda sana. Usiku amekula dona kiasi cha ngumi na rundo la mboga. Maringo tu. Anataka watu waone nani kizibao kitamkaa.

Jumamosi, 16 Agosti.

Kimefunga! Kifungo kimeingia tunduni mbele ya ukoo mzima. Nilimtazama Nasri. Aliangalia kifungo, akashusha pumzi, akatabasamu kama mtu aliyetuliwa mzigo. Ameshindwa, anajikaza.

Nimemshika mkwe mkono, nikasema nimekuozesha binti yangu Batuli. Sauti ikanitoroka katikati. Mikono nimeibana ubavuni muda wote, rangi za kikoi zisionekane. Wazee wamesifu, wamesema nimesimama kwa heshima, mikono imetulia, kama baba mwenyewe. Batuli alipokuja kunibusu mkono amesema nanukia udi wa babu. Zuena alikuwa nyuma yake. Amekitazama kizibao, amenitazama mimi. Anatunza maneno mengine.

Kisha pilau. Siku ya kumuoza mtoto mtu hapimwi.

Jumapili, 17 Agosti.

Wageni wametawanyika, sufuria zinasuguliwa uani. Kizibao sijakivua, nimelala nacho. Nasri amekuja na sinia, juu yake ukoko wa pilau, mzima, wa rangi ya shaba. Ameuweka katikati yetu mlangoni pa jiko la mama, pale pale, akasema:

"Vunja, kaka."

Miaka yote nimengoja siku hii. Nimevunja kwa hila, kimoja kipana kama kiganja, kingine cha kumpa kuku. Nikafumba macho ili nisione dhuluma. Nilipofumbua, alikuwa ameshika kile kidogo.

Nimemuuliza kama macho yameharibika. Amecheka. Ndipo akaniambia kwamba ana kisukari, chenyewe, si cha mlangoni. Alikaa kimya asinitie hofu. Njaa ilimliza majuma ya mwanzo, kisha ikamzoea, sasa anaamka mwepesi. Na kizibao hakuwa anakitaka. Alikuwa anauliza kama bado kinanitosha kwa sababu anaukumbuka mwaka wa mwisho wa baba, na kwa sababu hana kaka mwingine. Jana kilipofunga, amesema, alilala usingizi kwa mara ya kwanza tangu harusi ipangwe.

Nilimpenda pale kama siku tulipomzika mama, tulipotembea kutoka makaburini tumeshikana mikono, watu wazima na ndevu zetu. Nimemwapia kwamba nimeelewa. Dona. Mboga. Maji. Kila kitu.

Kisha nikala kipande changu, maana kukiacha mlangoni pa jiko lile kungekuwa kumkosea mama. Nasri akaitwa uani. Chake alikuwa amekimega kidogo tu, kilichobaki kikawa peke yake kwenye sinia, na baridi ya Mbeya haina huruma kwa ukoko. Nimekila. Nimeshinda! Hatimaye vyote viwili!

Nilipoinama kuokota chembe, ubavu wa kushoto umelia. Uzi wa gunia umeshika barabara, kitambaa cha baba ndicho kilichoachia. Nimekikagua. Hakuna neno. Pana nafasi ya kipande kingine, na kikoi bado ni kipana.